Nyimbo ni bule, lakini nani alilipa?

Kila siku ya Mungu tunaimba nyimbo ambazo hatukulipia hata franka moja. Zinapita kwa WhatsApp, korale moja inachukua kwa ingine, na ni vizuri. Lakini mtungaji akiomba kanisa pesa ya studio, anajibiwa: «Hatulipake nyimbo ya Mungu.» Hapo ndipo mimi niko na neno.

Tuchukue kazi moja kubwa iliyotoka kwetu: Missa Luba. Ni 1958, Kamina, katika Katanga. Padri mmoja Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, alikuwa na korale ya wanafunzi na walimu wao, Les Troubadours du Roi Baudouin. Waliimba misa ya Kilatini kwa sauti za kwao. Uzuri wake si ngoma tu. Sikiliza Credo: ikifika fasi Yesu anasulubiwa, shangwe inakatika, inabaki maombolezo, kama kwenye kilio cha kwetu. Kisha, katika Sanctus, Hosana inatoka na mdundo wa dansi ya Kasai. Hakuna mutu alikuwa amewaandikia nota mbele. Waimbaji walizitafuta pamoja, wakiimba.

Juu ya nini waliweza? Kanisa liliwapa masomo, fasi ya mazoezi na muda. Mwaka ule ule wakasafiri kuimba Ulaya. Huo ni usaidizi wa kweli.

Lakini kosa nalo liko hapo. Kwenye santuri ya Philips, jina la Haazen liko. Wengi wa wale waliozitoa sauti zile wakabaki «korale» tu. Sanctus ikaingia mpaka kwenye filamu ya Uingereza, If...., mwaka 1968. Dunia inajua sauti yao. Majina yao, ni wangapi kati yetu wanayajua?

Leo tumegeuza kosa. Jina la mtungaji tunalijua, hata nyumba yake tunaijua, lakini usaidizi hakuna. Rafiki yangu mmoja wa korale ameacha kutunga; sasa anabeba watu kwa pikipiki. Mapasta wanapenda Mathayo 10:8, juu ya kutoa bule. Washuke mpaka mstari wa 10: wataona mfanyakazi na haki yake ya chakula. Tena wasome Nehemia 13. Walawi na waimbaji walikuwa wamekimbilia mashamba yao, kwa sababu hawakupewa fungu lao. Nehemia aligombeza nani? Wakubwa, hapana waimbaji.

Mimi sisemi wimbo uuzwe mlangoni mwa kanisa. Nasema bule ya msikilizaji inalipwa na mutu fulani, na leo anayelipa ni mtungaji peke yake. Kanisa liweke fungu la sanaa katika matoleo, limulipe mtungaji mbele, kisha wimbo utoke bule kwa korale zote, na jina lake juu. Hata njia ya sheria iko: leseni za Creative Commons zinaruhusu watu kuiga na kuimba kwa sharti la kutaja jina, na zingine zinakataza biashara. Sisi wasomi tunaweza kueleza mambo haya kwenye mikutano ya korale zetu.

Siku ya Mungu inayokuja, wimbo ukikugusa, uliza maulizo mawili: nani aliutunga? Na nani alimulipa?