Mila Haina Mkono: Tahakiki ya Filamu kutoka Mugumu

Filamu ya Giselle Portenier ya mwaka 2018, In the Name of Your Daughter, yaani Kwa Jina la Binti Yako, inahusu wasichana waliokimbia kukeketwa na kupokewa katika nyumba salama ya Mugumu, wilayani Serengeti, chini ya uongozi wa Rhobi Samwelly. Wengi wamesifu ujasiri wa wasichana hao, nasi twausifu. Lakini kwa mtumishi wa Neno, somo zito zaidi limo katika usemi wa watu wazima.

Katika Serengeti, kama katika Tarime, usemi huo haumtaji mtendaji. Baba husema wazee wa mila wameamua. Wazee husema mizimu imeagiza. Mama huhofia binti yake kuitwa omosagane, asiyetahiriwa. Ngariba husema ameitwa na wazazi. Mwisho hubaki neno moja, mila. Nayo mila haina mkono wa kushika wembe, wala haipokei ng'ombe wa mahari. Ndivyo ilivyokuwa katika Mwanzo 3: Adamu alimtaja mwanamke, naye mwanamke akamtaja nyoka.

Haitupasi kudharau mzigo wa mzazi anayeogopa kutengwa na ukoo. Hata hivyo, kubanwa si sawa na kukosa uamuzi. Binti wa miaka 12, asiye na ng'ombe wala kiti katika baraza la wazee, aliamua akaondoka. Mwenye uhuru mdogo kuliko wote ndiye aliyethubutu kusema "mimi".

Sheria nayo haiishtaki mila. Kifungu cha 169A cha Kanuni ya Adhabu, kilichoongezwa mwaka 1998, humlenga mtu mwenye dhamana ya kumlea aliye chini ya miaka 18.

Je, hapa fundisho la Luther la utashi uliofungwa haliwi kinga? La. Katika kitabu chake cha 1525 alikana uhuru wa utashi katika mambo ya wokovu, lakini aliukubali katika mambo yaliyo chini ya mwanadamu, kama vile mali yake. Ng'ombe wamo humo. Tena, Katekisimo Ndogo humwagiza anayeungama ajipime katika nafasi yake mwenyewe: baba, mama, mwana, bwana au mtumishi.

Upungufu wa filamu ni kwamba mtazamaji wa mbali aweza kuondoka akiwalaumu "Wakurya", nao huo ni ukwepaji mwingine. Lakini jina lake lasahihisha kosa hilo, kwa kuwa husema "binti yako", si "binti wa jamii".

Nasi tujihoji. Ungamo la pamoja la Jumapili ni jema, ila wingi wa "tumekosa" waweza kuwa kichaka cha kujifichia. Ungamo la Augsburg la 1530 lilihifadhi ondoleo la faragha. Wachungaji na turudishe nafasi hiyo katika sharika zetu, maana ondoleo hutamkwa kwa mtu. Mila haiwezi kutubu, wala haiwezi kusamehewa.