Fundi wa Pikipiki Hupimwa kwa Injini Iliyogoma Kuwaka

Kumwaga oili au kuziba pancha hakumtofautishi fundi na mwanagenzi. Ufundi hujulikana pale pikipiki inapozima njiani na kugoma kuwaka. Hapo chanzo hakionekani kwa macho, na kasoro inaweza kuwa kwenye mafuta, hewa, cheche au mgandamizo wa injini. Anayebahatisha hubadilisha vifaa mpaka chombo kiwake. Fundi hupima mpaka ajue. Kwa dereva wa bodaboda ambaye Boxer au TVS ndiyo shamba lake, tofauti hiyo ni hela ya siku nzima. Ukitaka kumjua fundi wa kweli, tazama mambo haya.

Huuliza kabla ya kushika spana. Ilizima ghafla, au ilikatakata kwanza? Ilikuwa ya moto? Imenyeshewa, imeoshwa, au imetoka kujazwa mafuta? Kuzima ghafla mara nyingi huelekeza kwenye umeme. Kupungua nguvu taratibu huelekeza kwenye mafuta. Kisha hukagua vya bure: swichi ya kuzimia injini kwenye usukani, koki ya mafuta, fyuzi, na kofia ya plagi kama imekaa sawasawa.

Hufuata njia ya mafuta kuanzia juu. Chukua pikipiki inayokwenda kilomita chache, inazima, inapumzishwa, inawaka tena. Wapo watakaokuuzia kabureta mpya hapohapo. Fundi mzuri hufungua kifuniko cha tangi na kutega sikio. Tundu la hewa la kifuniko likiziba, hewa haiingii kujaza nafasi ya mafuta yaliyotumika, na mwishowe mafuta hugoma kushuka. Ukisikia hewa ikifyonzwa, kisha injini ikakubali baada ya muda mfupi, tatizo limepatikana, na dawa yake ni kusafisha tundu. Asipolipata hapo, hulegeza skrubu iliyo chini ya kabureta na kukinga mafuta kwenye chupa safi. Maji, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, huonekana yametuama chini.

Huisoma plagi, haitupi. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Masizi makavu meusi huonyesha mafuta yamezidi hewa, hivyo huangalia chujio la hewa na choki. Ikilowa oili, hushuku ringi za pistoni au sili za valvu. Ikiwa nyeupe, injini inapata mafuta kidogo au inachemka kupita kiasi. Halafu huirudisha plagi kwenye kofia yake, huigusisha kwenye chuma cha injini, mbali na petroli na mbali na tundu la plagi, na kupiga kiki. Cheche ya buluu iliyokolea inatosha. Ikiwa ya rangi ya chungwa na nyembamba, au haipo kabisa, hujaribu plagi nyingine nzima kabla ya kulaumu koili au sidiai.

Hupima injini ikiwa katika hali ile inayougua. Hiki ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote. Koili mbovu inaweza kutoa cheche nzuri ikiwa baridi na kuikata ikishapata moto. Valvu zilizokazwa mno nazo zinaweza kukosa kufunga vizuri injini inapochemka, mgandamizo ukapotea, na kiki ikawa nyepesi mguuni. Anayepima asubuhi chombo kinachougua mchana atakwambia kimepona, nawe utakisukuma jioni. Fundi hukizungusha kwanza mpaka kizime, ndipo apime cheche na mgandamizo palepale. Nafasi ya valvu huirekebisha injini ikishapoa, kwa fila geji, si kwa kukisia.

Hubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Akifunga plagi, koili na kabureta kwa pamoja, pikipiki inaweza kuwaka, lakini hakuna atakayejua kilichoiponya, nawe umelipia vyote vitatu. Fundi anayejiamini hukurudishia kifaa cha zamani, hukuonyesha kilipoharibika, kisha huendesha mwenyewe mpaka injini ipate moto kabla ya kukukabidhi ufunguo.

Basi usimchague fundi kwa wingi wa vifaa vilivyotundikwa kibandani wala kwa haraka ya mikono yake. Muulize swali moja kabla hajafungua chochote: "Utajuaje kwamba ni hicho?" Akikueleza kipimo, mwachie kazi. Akikutajia bei tu, kokota pikipiki yako uende kwa mwingine.