Fizikia ya Mpemba

Mwaka 1969 jarida la Physics Education la Uingereza lilichapisha simulizi ya kijana wa Kitanzania, Erasto Mpemba, aliyoiandika pamoja na Dkt. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia Dar es Salaam. Ni kurasa chache tu, lakini katika kumbukumbu za maisha ya kisayansi zilizotoka nchini mwetu, sijaona inayoizidi.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanayaacha yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friji. Siku moja mwenzake aliwahi nafasi, naye akaona asipofanya haraka atakosa. Akayaingiza yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akachekwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Hakunyamaza. Osborne alipoizuru shule, Mpemba akasimama akamuuliza mbele ya watu. Mhadhiri hakuwa na jibu, lakini hakumdharau. Aliporudi Dar es Salaam, aliagiza jaribio lifanyike.

Ufundi ninaousifu ndio huo: kuona, kupima, kurudia, kisha kuuliza bila woga. Hauhitaji maabara ya fahari. Hapa Nyarugusu, wilayani Kasulu, ambako tangu 1996 watoto wa wakimbizi kutoka Kongo, na baadaye wa Burundi, wamekulia na kusomea, sufuria, kuni na kipimajoto vinatosha. Injika maji kwenye mafiga, yaache yatokote, tumbukiza kipimajoto. Kitabu kinasema nyuzi 100. Zebaki itapanda hadi kwenye 96 hivi, itagoma hapo, na hata ukizidisha kuni haitasogea.

Mwanafunzi mwoga ataandika 100 ili apate vema. Mwanafizikia ataandika alichokiona, kisha atauliza kwa nini. Na jibu lipo: sisi tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hewa hapa inayakandamiza maji kidogo kuliko kule pwani, ndiyo maana yanawahi kuchemka. Kitabu kilikuwa kikizungumzia usawa wa bahari. Kipimajoto kinazungumzia Kasulu.

Kufikiri kwa kujitegemea si ukaidi. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walilipima upya jambo la Mpemba wakasema hawakuliona, na mjadala unaendelea hadi leo. Hilo halimpunguzii heshima hata chembe, kwa sababu anayedai kipimo hukubali naye apimwe.

Basi walimu, mwanafunzi akija na jibu lisilomo kitabuni, msimcheke wala msimkatie alama upesi. Mpeni kipimajoto, mkapime naye upya.