"Sijui" na "Haijulikani"



Okot p'Bitek, mshairi na mwanachuoni wa Uganda aliyefariki mwaka 1982, alikulia katika Ukristo kisha akauacha. Kitabu chake African Religions in Western Scholarship, juu ya namna Wazungu walivyoziandika dini za Kiafrika, hakikuandikwa kwa ajili yetu Waislamu. Hata hivyo chafaa kusomwa, kwani vijana wetu warudipo Ngombezi kutoka vyuoni huja na maswali ya namna hiyo, na aghalabu sisi wazee huwajibu kwa ukali badala ya hoja.

Okot asimulia kisa. Mwaka 1911 mapadri wa Kitaliano waliwauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Lugha yao haikuwa na neno la kuumba, basi swali likageuka: nani aliyewafinyanga? Wazee wakasema hawajui. Wao wamezaliwa na mama zao. Mapadri hawakuridhika, wakashikilia wapewe jibu. Ndipo mzee mmoja akakumbuka kuwa mtu akipinda mgongo kwa maradhi husemwa amefinyangwa na Rubanga. Pepo wa vibiongo akaandikwa kuwa ndiye Muumba!

Kwa hoja za namna hii Okot awapinga waliodai kuwa makabila yote ya Afrika yalimjua Mungu Mmoja, akiwemo John Mbiti wa Kenya, aliyekusanya habari za makabila karibu 300. Hapo amesema kweli. Kumtia mtu ushahidi mdomoni ni dhulma, hata ukiwa wa kuisaidia dini. Na "sijui" si aibu: imepokewa kuwa Imam Malik aliwajibu hivyo watu waliomjia kutoka mbali.

Lakini wako wasomaji wanaokivuka kitabu. Husema: maadamu majina yamechanganywa, basi Mwenye jina hawezi kujulikana kabisa. Watu wa rai hii Mwingereza Thomas Huxley aliwabunia jina lao mwaka 1869. Hapo, msomaji, neno limegeuka. "Sijui" ni habari ya nafsi yako. "Haijulikani" ni hukumu juu ya watu wote, waliopita na wajao, nayo yataka dalili.

Tazama jina letu Mungu, ndugu wa Mulungu wa Wazigua. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy alilitumia katika tafsiri yake ya Qurani ya mwaka 1969. Mbona halikuwa kama Rubanga? Kwa kuwa wanazuoni walilichukua neno wakalifundisha na maana: asiye na mfano, wala mshirika, wala mwana. Neno ni chombo, na mafunzo ndiyo yanayokijaza. Yasipokuwapo mafunzo, chombo hubaki na kilichokuwamo zamani. Wangapi kwetu humwita Mwenyezi Mungu alfajiri, na jioni wakapeleka kuku mzimuni? Hao hawana shaka hata kidogo, na bado hawajui wamwabuduye.

Nabii Ibrahim, katika Sura Al-An'am, aliwahoji watu wake kwa nyota, kisha mwezi, kisha jua, na vyote vikatua. Hoja ilitangulia, hakuanza kwa fimbo.

Basi kijana akisema "sijui", mkaribishe mkekani, umsomeshe. Akisema "haijulikani", muulize kwa upole: wewe umejuaje?

Wabillahi tawfiq.