Nguva Kati ya Hekaya na Mnyama: Kolaji za Wangechi Mutu na Mazingira ya Bahari

Mwaka 2014 Wangechi Mutu, msanii aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, alionyesha kazi zake mjini London chini ya jina la Kiswahili: Nguva na Nyoka. Kwa watazamaji wa Kiingereza jina hilo lilifasiriwa kwa neno linalowataja viumbe wa hekaya za Kiyunani, wale wanaowavuta mabaharia kwa sauti zao. Tafsiri hiyo si ya makosa, ila imeacha nusu ya neno ufuoni. Katika Kiswahili nguva ni kiumbe wa masimulizi, nusu mtu nusu samaki. Vilevile ni mnyama halisi anyonyeshaye, mpole, alaye nyasi za baharini. Anayesoma tafsiri peke yake humpata wa kwanza tu.

Huyu wa pili ndiye anayetoweka. Mwishoni mwa 2022 orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini iliwaweka nguva wa Afrika Mashariki katika daraja la karibu kabisa na kutoweka, waliokomaa wakikadiriwa kuwa chini ya 250. Hunaswa katika majarife yaliyotegewa samaki wengine, na malisho yao huharibiwa na uchafuzi wa maji na shughuli za pwani.

Je, kolaji inaweza kulibeba jambo hili? Jibu limo katika malighafi. Kwa miaka mingi Mutu amefanya kazi juu ya utando wa plastiki ya poliesta. Wino ukimwagwa juu yake haunyonywi kama kwenye karatasi. Hutuama na kukauka kwa mabaka, mfano wa ngozi yenye maradhi au mafuta yaliyotanda juu ya maji. Juu ya mabaka hayo hubandikwa vipande vilivyokatwa kutoka majarida ya mitindo, picha za wanyama na vipuri vya pikipiki. Katika Le Noble Savage (2006) mwili wa mwanamke na mimea ya kitropiki vimeshikana hata mtazamaji hajui mmoja unaishia wapi. Hapa ndipo ubora wake ulipo. Kipande kilichokatwa hakisahau kilikotoka: mdomo uliotumika kuuza rangi ya midomo unaendelea kuuza hata ukiwa usoni pa kiumbe mgeni. Mabango ya kampeni za uhifadhi humweka mwanadamu kando, akiitazama asili kwa huruma. Kolaji hizi zamweka ndani, akiwa mlaji na mwenye kuliwa.

Pingamizi moja ni zito. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, Tanzania ikafuata mwaka 2019. Vipi kilio cha mazingira kiandikwe juu ya plastiki? Pingamizi hilo lingeibomoa kazi inayojidai kuwa safi. Za Mutu hazijidai hivyo. Udhaifu wake uko kwingine: zinapendeza mno, na mnunuzi aweza kuzitundika sebuleni bila kuulizwa lolote. Katika filamu yake ya katuni ya mwaka 2013, The End of eating Everything, tatizo ni kinyume chake. Jitu lenye kichwa cha mwanamke, mwili wake umejaa moshi na takataka, linameza kundi la ndege. Maana imetolewa yote, na mtazamaji hana la kufanya ila kukubali.

Kwa washauri wa sera, suala la jina si dogo. Nyaraka za uhifadhi huandikwa kwanza kwa Kiingereza, ambako mnyama na hekaya vina majina mawili yasiyokutana. Kilwa na Lamu neno ni moja. Maonyesho kama haya yakifika huko, maelezo yake yaanze na neno hilo bila kufasiriwa, na mvuvi ambaye jarife lake limewahi kumnasa nguva apewe nafasi ya kuisoma picha kabla ya mhakiki.