Aoaye na Aolewaye Mbele ya Sheria ya Uraia

Sheria ni zao la jamii iliyoitunga. Ndani yake zimo fikra za jamii hiyo, zilizo sahihi na zilizo potofu. Kwa hiyo kada na mwanafunzi hawana budi kuisoma sheria kwa jicho la uhakiki, si kuikariri tu. Katika makala haya tunakusudia kuihakiki Sheria ya Uraia ya Tanzania, Na. 6 ya mwaka 1995, katika jambo moja: haki ya mgeni aliyefunga ndoa na raia.

Kifungu cha 11 kinaeleza kwamba mwanamke aliyeolewa na raia wa Tanzania anayo haki, akiomba kwa utaratibu uliowekwa, kupewa uraia wa tajnisi wakati wowote katika uhai wa mumewe. Hakuna kifungu kinachotoa haki hiyo kwa mwanamume mgeni aliyemwoa raia. Huyu hufuata njia ya wageni wote. Ni lazima awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe ameishi humu jumla ya miaka isiyopungua 7. Ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na mwenendo mwema, na aonyeshe mchango wake kwa taifa. Akishatimiza yote hayo, Waziri anaweza kumkubali au kumkataa. Miaka yote hiyo anaishi kwa hati ya ukaazi yenye tarehe ya kwisha.

Tujiulize: anayebaguliwa hapa ni nani? Wengi hujibu upesi kwamba ni yule mgeni. Jibu hilo halitoshi. Anayebaguliwa kwanza ni raia. Chukua kaka na dada wa tumbo moja, waliozaliwa Kigoma. Kaka akioa mwanamke kutoka Burundi, ndoa yake inampa mkewe haki ya uraia. Dada akiolewa na mwanamume kutoka huko huko, ndoa yake haimpi mumewe haki hiyo. Kaka na dada hawa wanalipa kodi sawa na wanapiga kura sawa. Kinachowatenga ni jinsia.

Tena sheria yenyewe inajipinga. Mtoto wa dada huyu, hata akizaliwa nje ya nchi, ni raia kwa kurithi kama mama yake ni raia wa kuzaliwa. Maana yake sheria inakubali kwamba uraia wa mwanamke una nguvu ya kutosha kumfikia mtoto. Basi kwa nini ukose nguvu kwa baba wa mtoto huyo huyo? Matokeo yake ni nyumba moja yenye mama raia, watoto raia, na baba ambaye hati yake isipoongezwa muda atatakiwa kuondoka.

Chimbuko la fikra hii halifichiki. Sheria ya Uraia ya Uingereza ya mwaka 1948 ilimpa mke wa raia haki ya kuandikishwa, na haikumpa mume haki hiyo. Msingi wake ulikuwa kwamba mwanamke hana nchi yake mwenyewe, bali humfuata mume. Sheria za uraia za wakati wa uhuru ziliufuata mtindo huo. Oktoba 1961, Mwalimu Nyerere alisimama katika Bunge la Tanganyika kupinga uraia wa kutazama rangi, akataka kipimo kiwe utii kwa nchi. Ubaguzi wa rangi ukakataliwa, lakini ule wa jinsia ukapita bila kelele. Waingereza wenyewe waliliondoa pengo hilo kwa sheria yao ya mwaka 1981. Sisi tukaendelea kuivaa nguo ambayo mwenyewe alikwisha kuivua.

Wako wanaosema kwamba kifungu hiki ni ngao: kwamba wanaume wa kigeni wataoa kwa karatasi tu ili wapate ardhi na biashara. Hofu ya ndoa za uongo si ya kupuuzwa. Lakini itazameni ngao yenyewe. Mwanamke mgeni hadaiwi hata mwaka mmoja wa ndoa kabla ya kuomba. Kama hatari ni ndoa ya uongo, basi mlango mmoja umefungwa kwa komeo na wa pili umeachwa wazi. Kifungu hakipimi ukweli wa ndoa. Kinachopima ni nani ameoa na nani ameolewa.

Kenya imetuonyesha njia nyingine. Katiba yake ya mwaka 2010 inampa haki ya kuomba uraia mtu yeyote aliyekaa katika ndoa na raia kwa miaka isiyopungua 7, awe mume au mke. Kule Botswana, Unity Dow, aliyeolewa na Mmarekani, alishtaki kwa sababu sheria iliwanyima watoto wake uraia. Alishinda mwaka 1991, na tena katika rufaa mwaka 1992.

Nchi yetu iliridhia mwaka 1985 Mkataba wa Kimataifa wa Kuondoa Ubaguzi dhidi ya Wanawake. Mwaka 2000 Katiba ilirekebishwa, na jinsia ikaingizwa katika mambo ambayo ni marufuku kumbagua mtu kwa ajili yake. Kuanzia hapo kifungu cha 11 kinapingana na Katiba iliyo juu yake.

Madai yetu ni haya. Kifungu kiandikwe upya kwa kutaja mwenzi wa ndoa, bila kujali ni mume au mke. Iwekwe miaka maalumu ya ndoa, sawa kwa wote. Ukweli wa ndoa uchunguzwe kwa kipimo kimoja. Suala hili lijadiliwe katika vikao na madarasa, hasa katika mikoa ya mipakani, ambako ndoa za namna hii ni jambo la kawaida na akina mama wanaujua uzito wake.