Walioshika Ardhi Isiyo Yao

Mtu wa Taita akizungumzia ardhi, hazungumzi kama mtu anayezungumzia mali tu. Kaunti ya Taita Taveta ina ukubwa wa kilomita za mraba 17,084, na takriban asilimia 62 yake iko ndani ya mbuga za Tsavo, zilizotangazwa mwaka 1948. Kilichobaki kinagombewa na mashamba makubwa ya mkonge, ranchi za nyanda kavu, wakulima wa vilimani, na miji iliyoota kando ya reli na barabara kuu. Hata kabla ya mbuga, watu walikwisha kuonja kuondolewa. Mwaka 1915, Waingereza walipokuwa wakipigana na Wajerumani mpakani, watu wa Kasigau walihamishwa kwa nguvu hadi Malindi, wakashutumiwa kumsaidia adui. Baadaye Wataita waliunda Taita Hills Association, chama kilichoongozwa na Woresha Mengo, ili kuitetea ardhi yao. Mwaka 1940 serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku siku zile zile ilipokifunga chama cha Wakikuyu cha KCA na kile cha Wakamba.

Nayataja haya kwa sababu kilichofanyika katika mtaa wa Tanzania-Bondeni, mjini Voi, hakieleweki bila hayo. Wakaazi wa mtaa huo walipoulizwa wanataka kumiliki ardhi kwa njia gani, walichagua njia ambayo hakuna mtaa wa mjini nchini Kenya uliokuwa umewahi kuijaribu. Tena walichagua njia inayodai kazi nyingi zaidi kutoka kwa watu wasiolipwa.

Mtaa wenyewe ulikuwa kama mingi ya aina yake: nyumba za udongo na mabati, watu waliokuja kutafuta kazi na wakabaki, na ardhi yenye wenyewe tofauti, baadhi yake ya shirika la reli, nyingine ya kampuni ya mkonge. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulifika mradi wa kuendeleza miji midogo, ulioendeshwa na Wizara ya Serikali za Mitaa pamoja na shirika la Ujerumani la GTZ. Wakaazi wakawekewa njia tatu mbele yao. Kila mtu apewe hati yake. Au waunde ushirika wa nyumba. Au ardhi yote ishikwe kwa pamoja na wadhamini, huku kila familia ikimiliki nyumba yake na haki ya kukaa pale ilipo. Wakachukua ya tatu.

Mtu wa nje anaweza kushangaa. Hati yenye jina lako ndiyo ndoto ya kila mpangaji. Lakini wakaazi walijua kinachofuata mtaa wa maskini ukipata maji na barabara. Matajiri huja. Hawaji na tingatinga. Huja na bahasha, siku ambayo mtoto amefukuzwa shule kwa sababu ya karo au mgonjwa amezuiliwa hospitalini mpaka bili ilipwe. Baada ya miaka michache mtaa umejaa nyumba za kupangisha za watu wanaoishi kwingine, na aliyepewa hati amehamia kibanda kingine kisicho na hati. Isitoshe, hiyo ndiyo miaka ambayo viwanja vya umma vilikuwa vikigawiwa wakubwa nchi nzima, mambo ambayo Tume ya Ndung'u iliyaanika katika ripoti yake ya mwaka 2004. Kwa mkaazi wa Bondeni, ardhi isiyoweza kuuzwa na mtu mmoja ilikuwa ngao.

Kanuni ya msingi ni fupi. Ardhi haiuzwi. Anayetaka kuhama anaweza kuuza alichojenga, na chama cha wakaazi ndicho chenye haki ya kwanza ya kununua. Nyumba inarithiwa. Anayemiliki sharti awe anaishi pale. Mwenye nyumba wa mbali hana nafasi. Kanuni hiyo mtoto wa shule anaweza kuikariri. Kuitekeleza miaka na miaka, katika mtaa ambao kila mtu anamjua mama wa kila mtu, ni kazi nyingine, na hiyo ndiyo ninayotaka kuisifu.

Sheria kwanza, kwa haraka. Mfumo wa hati za Kenya ulimtambua mtu mmoja au kampuni. Haukuwa na mahali pazuri pa kuiweka jamii ya mjini. Sheria ya mwaka 1968 ya wawakilishi wa vikundi ilitungwa kwa ajili ya ranchi za wafugaji. Basi wakaazi na wanasheria wao wakaunganisha vyombo viwili: chama cha wakaazi, kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, ambacho wanachama wake huchagua kamati na kuendesha mambo ya kila siku; na wadhamini, waliosajiliwa chini ya Sheria ya Wadhamini, ambao ndio wanaoshika ardhi. Wadhamini wanapokea ardhi kutoka serikalini kwa mkataba wa muda mrefu, kisha kila familia inapewa mkataba wake mdogo chini ya ule mkubwa. Ni mpango mzito, na uzito wake uliwachelewesha sana: karatasi zilikaa ofisini huku watu wakisubiri. Hata hivyo naona hekima kubwa katika kutenganisha vyombo hivyo. Kamati inayosikia vilio vya kila siku haishiki hati. Wanaoshika hati hawagawi ploti. Kila upande unauangalia mwingine.

Sasa kazi yenyewe. Inaanza na orodha ya majina. Nani mkaazi? Yule aliyejenga lakini anafanya kazi Mombasa na hurudi mwisho wa mwezi? Mpangaji aliyekaa chumba kimoja miaka mingi kuliko mwenye nyumba? Ndugu wawili waliojenga ua mmoja kisha wakakosana? Mama ambaye nyumba inajulikana kwa jina la mume aliyekwisha fariki, na shemeji zake wako mlangoni? Katika daftari la chama, kila swali kati ya haya lazima lijibiwe kwa mstari mmoja wa wino. Jina likiingia vibaya, kosa hilo litaishi kuliko aliyeliandika. Katibu mzuri hufanya kazi hii polepole mpaka watu wanamlaumu. Humwuliza jirani wa kulia, jirani wa kushoto, na mzee wa mtaa, kisha huyasoma majina kwa sauti mkutanoni ili mwenye neno aseme mbele ya wote na si nyuma ya ukuta. Huhakikisha jina la mke limeandikwa lenyewe, si kama kivuli cha jina la mume. Kwa yeyote aliyewahi kuona mjane akitolewa nyumbani baada ya matanga, mstari huo mmoja una thamani kuliko hotuba nyingi.

Kisha unakuja mpangilio wa ploti. Mchoraji wa ramani mezani angependa mistari iliyonyooka, lakini mtaa uliojengwa na wenyewe haukunyooka. Ukinyoosha njia ili maji na gari la wagonjwa vipite, utagusa jiko la mtu, choo cha mwingine, mwembe wa tatu. Ufundi wa kamati hapa ni wa miguu. Wanatembea na mpima ardhi, wanasimama penye kila kona, wanamwita mwenye nyumba atoke aone bikoni ikichimbiwa. Njia ikipindishwa kidogo, nyumba inapona. Mahali ambapo haiwezi kupona, mwenyewe anaelezwa mapema, uso kwa uso, na anaonyeshwa atakakohamia. Anayebisha husikilizwa, na kazi ya siku hiyo husimama mpaka jambo lake liishe.

Lakini mahali ambapo kamati hupimwa ni siku mtu anapotaka kuuza.

Tuseme ni mzee aliyekaa Bondeni tangu ujana wake. Amechoka, anataka kurudi kwao kilimani akamalizie siku zake. Amepata mnunuzi, mtu mwenye pesa taslimu, na bei aliyotajiwa ni ya kiwanja cha mjini chenye barabara na maji. Anakuja kwa kamati. Pengine anayemsikiliza ni kijana aliyekulia mikononi mwake. Huyo kijana sasa lazima amwambie: Mzee, nyumba ni yako na utalipwa nyumba yako. Ardhi hatuwezi.

Hapo inahitajika hesabu, na hesabu hiyo ni ufundi wenyewe. Nyumba inathaminiwaje bila ardhi iliyo chini yake? Kamati huingia ndani na kuhesabu. Mabati mangapi, yana kutu kiasi gani, yanaweza kung'olewa na kutumika tena? Kuta ni za udongo au za matofali, zimepigwa lipu? Milango, madirisha, sakafu ya saruji, choo na kina chake, bomba la maji, miti ya matunda iliyopandwa na mwenyewe. Kila kitu kinaandikwa, kila kitu kinatiwa bei ya soko la Voi ya mwaka huo. Wakikadiria chini, wamemwibia mzee. Wakikadiria juu kwa kumwonea huruma, wameifanya nyumba iwe ghali kwa familia maskini itakayofuata, na ardhi imeuzwa kwa mlango wa nyuma, ndani ya bei ya mabati. Bei ya haki iko katika nafasi nyembamba kati ya hizo mbili, na kamati lazima iifikie huku mzee amekaa hapo hapo kwenye kiti akiwatazama.

Kusema hapana kwa mgeni ni rahisi. Serikali humkataa mwananchi kwa barua, benki humkataa mteja kwa kompyuta. Mjumbe wa kamati ya mtaa humkataa jirani yake kwa mdomo wake, kisha kesho wanakutana bombani, Ijumaa msikitini au Jumapili kanisani, na mazishini wanabeba jeneza moja. Anakataa kwa niaba ya watu ambao hata hawajazaliwa na hawatamshukuru. Kukataa vizuri kuna hatua zake, na wanaojua wanazifuata: hawamjibu mtu njiani, humpa nafasi aeleze yote, humsomea kanuni aliyoikubali yeye mwenyewe siku ya kujiunga, na hawatoki pale bila kutafuta kitu wanachoweza kumpa, hata kama ni kumtafutia mnunuzi wa nyumba aliye mwanachama. Jambo moja hawalifanyi kabisa. Hawamkatai huyu na kumruhusu yule. Mara moja tu ya upendeleo, na kanuni nzima imekwisha, kwa sababu katika mtaa hakuna siri inayokaa wiki.

Ellen Bassett, mtafiti kutoka Marekani aliyeufuatilia mpango wa Voi na kuandika juu yake mwaka 2005, aliona ugumu bila kuuficha. Wakaazi wengi walivutiwa zaidi na nafasi ya kupata ardhi kuliko fikra ya kuimiliki pamoja, na mpango wenyewe ulikuwa na mambo mengi ya kushika kichwani. Naamini alisema kweli. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi ya kamati ni kueleza, na kueleza tena, kwa Kiswahili chepesi, kwa mtu aliyekosa mkutano uliopita na kwa kijana aliyerithi nyumba bila kurithi maelezo yake. Wapo wanaoona kazi hiyo inachosha. Mimi naona ndiyo inayobeba zile nyingine zote, maana mtu hawezi kulinda kanuni asiyoijua, na daftari safi halimsaidii asiyeambiwa kwamba ana haki ya kulifungua.

Fikra yenyewe ya kushika ardhi kwa pamoja ilikuwa imevuka bahari kabla ya kufika Voi. Mwaka 1969, katika jimbo la Georgia huko Marekani, Wamarekani weusi waliokuwa wakifukuzwa mashambani kwa kudai haki ya kupiga kura waliunda New Communities, miongoni mwao Charles Sherrod na mkewe Shirley. Walishika pamoja zaidi ya ekari 5,000 karibu na Albany. Fikra hiyo waliichota kwa sehemu India, kwa vijiji vilivyoitikia mwito wa Vinoba Bhave wa kuitoa ardhi kwa kijiji kizima. Ukame na kunyimwa mikopo ya serikali kwa ubaguzi viliwafikisha pabaya, na mwaka 1985 wakaipoteza ardhi. Mwaka 2009 walishinda fidia ya dola milioni 12, wakanunua shamba jingine. Nikisoma habari zao, kinachonigusa ni kwamba kundi lilidumu miaka yote ile bila ardhi. Watu waliendelea kukutana, wakatunza karatasi zao, na kesi ilipofika walikuwa na cha kuonyesha.

Hapa kwetu sheria imebadilika tangu siku zile za Bondeni. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 iliifuta ile ya 1968, na sasa jamii inaweza kusajiliwa kama jamii. Inatakiwa iorodheshe wanachama wake wote, iitishe mkutano, na ichague kamati ya watu 7 hadi 15 kusimamia ardhi. Sheria hiyo inazihusu moja kwa moja ranchi za vikundi. Kamati hizo zitakutana na wawekezaji, wachimba madini, kampuni za utalii, na wanachama wenyewe wanaotaka pesa yao leo. Zitahitaji kujua namna ya kuandika jina la mjane daftarini, kuweka bei ya nyumba bila kuuza ardhi, na kumkatalia ndugu bila kumpoteza. Semina za hotelini hazifundishi mambo hayo. Lakini mjini Voi kuna wazee, kina mama na kina baba, waliojifunza kwa kuyafanya, bila mshahara, tangu miaka ya 1990, na umri unasonga. Ningekuwa na sauti katika ofisi ya ardhi ya kaunti, ningeomba kila kamati mpya ya ranchi ipelekwe kwanza Bondeni, ikae nao siku nzima, madaftari yakiwa wazi mezani, na iulize chochote.